Ritifaa ya ng'ombe na kistari cha amri: Uakifishaji tuliousahau katika miongozo ya kompyuta

Kwa zaidi ya miaka 20 sasa, sisi wapenzi wa Kiswahili tumekuwa tukivutana kuhusu majina ya vitu vya teknolojia. Shuleni hapa Kenya tunafundisha tarakilishi, mitaani watu wanasema kompyuta, na wenzetu wa Tanzania waliwahi kuwa na ngamizi. Tumejadili mtandao na intaneti, kipakatalishi na laptopu. Mjadala huo una faida yake na siudharau. Hata hivyo, upo upande mmoja wa lugha ya teknolojia ambao hatujaugusa, nao ni uakifishaji. Miongozo mingi inayofundisha matumizi ya kompyuta ina istilahi nzuri ila alama zake zimeharibika. Na alama zikiharibika, mwongozo wenyewe haufanyi kazi.

Tusikane kazi iliyofanywa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyozungumza Kiswahili. Kampuni ya Microsoft nayo ikafuata na Kiswahili chake. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala nchini, KICD, iliidhinisha masomo ya kuandika programu kwa shule za msingi na za upili. Ukipita Kitengela au mjini Kajiado leo, utakuta vijana wanajifunza kazi hii katika vyuo vya kiufundi, katika saiba na kwenye simu zao. Wengi hawana mwalimu wa kuketi naye. Mwalimu wao ni ukurasa wa tovuti. Ndiyo maana swali la jinsi ukurasa huo unavyoandikwa ni zito kuliko linavyoonekana.

Kwanza tuelewane kuhusu amri. Mbali na kubofya picha kwa kipanya, kompyuta inaweza kuagizwa kwa maandishi. Mtumiaji hufungua dirisha, mara nyingi jeusi, akaandika mstari mmoja na kubonyeza kitufe cha kuingiza. Programu inayopokea mstari huo na kuutafsiri huitwa ganda la mfumo. Ganda la kwanza la mfumo wa Unix liliandikwa na Ken Thompson mwaka 1971, na hili linalotumika sana leo, Bash, lilianzishwa na Brian Fox mwaka 1989. Seva zinazoendesha benki, hospitali na magazeti huagizwa kwa njia hiyo hiyo. Kijana anayetaka kazi ya kusimamia mitambo hiyo hana budi kuijua.

Katika Kiswahili cha kawaida, alama ya uakifishaji ni mtumishi wa msomaji. Ukisahau mkato, msomaji atakwama kidogo kisha aelewe. Ukiandika kistari kirefu pahali pa kifupi, hakuna atakayelala njaa. Binadamu husamehe kwa sababu anajua ulichotaka kusema. Ganda la mfumo halijui ulichotaka kusema. Kwake kistari, nukta, nafasi na alama za usemi ni sehemu ya neno lenyewe, kama vile konsonanti ya kwanza ilivyo sehemu ya neno katika paka na taka. Ukibadilisha alama, umebadilisha neno. Huo ndio msingi wa uhakiki wangu leo: anayeandika amri katika mwongozo ananakili matini ambayo hana ruhusa ya kuihariri, na programu anayoitumia kuandika haina ruhusa hiyo pia.

Lakini programu hizo huhariri, tena bila kumwuliza mtu. Mfumo wa herufi uitwao ASCII, uliotolewa Marekani mwaka 1963, ulirithi umaskini wa taipureta. Ulikuwa na ritifaa moja iliyosimama wima, namba 39, na kistari kimoja, namba 45, kilichofanya kazi zote za kuunganisha maneno na za kutoa hesabu. Lugha za amri zilijengwa juu ya alama hizo chache. Baadaye ukaja mfumo wa Unicode wenye nafasi ya kila alama ya wachapaji: alama za usemi zilizopinda kushoto na kulia, kistari cha wastani, kistari kirefu. Waundaji wa programu za kuandikia wakaona vyema kutupambia maandishi. Ukipiga ritifaa iliyo wima, programu inaipinda. Ukipiga vistari viwili, inaviunganisha kuwa kimoja kirefu. Kwa barua ya posa au tangazo la harambee, pambo hilo linapendeza. Kwa amri ni uharibifu.

Chukua amri hii fupi, inayoagiza kompyuta ionyeshe faili zote, hata zilizofichwa:

ls --all

Vile vistari viwili ndivyo vinavyoiambia programu ya ls kwamba neno linalofuata ni sharti la kazi. Programu ikiviunganisha kuwa kistari kimoja kirefu, ls itadhani unatafuta faili inayoitwa kwa jina hilo la ajabu, kisha ijibu kwamba haipo. Mwanafunzi anatazama ukurasa, anatazama dirisha lake, anaona vitu viwili vinavyofanana kabisa. Anafanya nini? Anajilaumu. Anasema, "Hii kompyuta imenikataa," au vibaya zaidi, "Mimi sina kichwa cha mambo haya." Kumbe aliyekosea ni mwandishi aliyeiruhusu programu imrembee amri.

Kuna mahali ambapo jambo hili linatugusa sisi Waswahili kuliko Waingereza, nalo ni neno ng'ombe. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Kiafrika ilipendekeza herufi ŋ itumike katika maandishi ya lugha za Afrika. Kiswahili hakikuichukua. Tahajia sanifu, iliyosimamiwa na Kamati ya Lugha kuanzia 1930, ilibaki na ng' yenye ritifaa. Kwa hiyo ritifaa yetu ina kazi ambayo ile ya Kiingereza haina: inatofautisha sauti mbili. Kila mtahiniwa wa KCSE anajua kutenganisha ng ya ngoma na ng' ya ng'ombe. Ritifaa hiyo haipambi neno, maana ni kipande cha herufi.

Sasa tuje Kajiado, kaunti ambayo huwezi kuandika ripoti yake ukakwepa neno hilo. Tuseme afisa anayeweka kumbukumbu za mifugo amehifadhi hesabu zake katika faili aliyoipa jina la Kiswahili, kama tunavyomhimiza afanye. Anataka kuitolea nakala. Anaandika:

cp ng'ombe.csv nakala.csv

Anabonyeza kitufe. Hakuna kinachotokea. Dirisha linaonyesha alama ya > na kukaa kimya. Maelezo ni mepesi: kwa ganda la mfumo, ritifaa iliyo wima inafungua nukuu, na ganda linasubiri ritifaa ya pili ya kuifunga. Litasubiri hadi jioni. Afisa wetu ataamini kompyuta imekwama, aizime kwa nguvu, kisha ahitimishe kwamba majina ya Kiswahili hayafai kompyuta. Dawa ipo, nayo ni kulizungushia jina hilo alama za usemi maradufu:

cp "ng'ombe.csv" nakala.csv

Mwongozo mzuri wa Kiswahili ungelieleza jambo hili katika ukurasa wake wa kwanza, kwa sababu sisi tuna ng'ombe, ng'ambo, ng'oa na kung'ara. Miongozo ya Kiingereza haitatuelezea. Lakini tazama kinachotokea mwandishi akiandika dawa hiyo katika programu inayopinda alama, kisha akaipeleka kwenye tovuti jinsi ilivyo. Alama za usemi zimepinda, hazilindi tena chochote. Ritifaa ikiwa imepinda pia, amri itatafuta faili nyingine kabisa, kwa maana ritifaa iliyo wima na iliyopinda ni herufi mbili tofauti, namba 39 na namba 8217. Naam, katika kompyuta moja kunaweza kukaa faili mbili za ng'ombe ambazo jicho haliwezi kuzitofautisha. Simu nyingine hupinda ritifaa na nyingine haziipindi. Makarani wawili wakijaza orodha moja kwa simu tofauti, programu inayolinganisha herufi kwa herufi itawahesabu ng'ombe wa karani mmoja kama mnyama wa aina nyingine. Hebu fikiria orodha hiyo ikiwa ya chanjo.

Pambo hilo linakosea hata katika maandishi ya kawaida. Ritifaa ina kazi ya pili, ya kuonyesha tarakimu au herufi zilizoachwa, kama tunapoandika mwaka wa '63. Programu ikiiona mwanzoni mwa neno hudhani ni nukuu inayofunguliwa, ikaipinda upande usiofaa. Magazeti yetu yamejaa kosa hilo.

Rafiki yangu mmoja anayefundisha kompyuta Kitengela alinionyesha mwongozo anaoutumia, uliotolewa na taasisi ambayo sitaitaja. Kiswahili chake ni safi. Walioutunga walijitahidi kutafuta istilahi, na nawapongeza kwa dhati. Lakini kasoro tatu zinautia doa, na nimeziona kwingineko pia.

Ya kwanza ni kuchanganya kiitikio cha mashine na maneno ya mtumiaji. Ganda linapokuwa tayari kupokea amri, huonyesha alama ya $ mwanzoni mwa mstari. Mwongozo umeinakili pamoja na amri bila maelezo, na mwanafunzi anainakili vilevile. Ganda linajibu kwamba halijui amri iitwayo $. Pengine alama inayoonyeshwa ni #, ya mtumiaji mwenye mamlaka yote. Hapo mambo yanakuwa ya kuchekesha, maana mstari unaoanza kwa # ganda huuchukulia kuwa maelezo tu na kuupuuza. Mwanafunzi ananakili, anabonyeza, hapati kosa wala matokeo. Anaendelea na hatua ya pili akidhani ya kwanza imekamilika.

Ya pili ni nafasi za kujazwa. Mwandishi anapotaka kusema "hapa weka jina la faili yako," amezoea kuliweka ndani ya mabano yenye pembe: <jina-la-faili>. Kwenye karatasi linasomeka vizuri. Kwenye tovuti, mabano hayo ndiyo lugha ya kurasa zenyewe. Kivinjari kinayachukulia kuwa agizo lisilojulikana, kikayaficha. Basi amri iliyokuwa na nafasi mbili za kujazwa inabaki neno moja tu, cp, na sentensi inayofuata inamhimiza msomaji abadilishe maneno ambayo hayapo. Hata yakionekana, asiyeambiwa atayaandika na mabano yake, na kwa ganda mabano hayo yana maana nyingine kabisa.

Ya tatu ni alama zinazomezwa wakati wa kuhamisha maandishi. Siku hizi waandishi wengi wa miongozo hawaandiki ukurasa wa tovuti moja kwa moja. Huandika matini yenye alama nyepesi, kisha programu ikaigeuza. Mojawapo ni Markdown ya John Gruber, ya mwaka 2004. Nyingine ni Org, iliyoanzishwa mwaka 2003 na mwanaastronomia Carsten Dominik. Katika Markdown, neno likiwa kati ya vinyota viwili hulazwa, na vinyota vyenyewe vikatoweka. Katika Org, neno lililo kati ya mikwaju miwili hulazwa, na mstari wa chini ulio katikati ya jina unaweza kuzishusha herufi zinazoufuata. Kwa hiyo folda inayoandikwa /etc/ hugeuka etc iliyolala, bila mikwaju, na jina kama orodha_mpya likapoteza mstari wake. Zana hizi zenyewe si mbaya. Zote zina njia ya kusema "usiguse hapa": Markdown hutumia alama ya ritifaa inayoegemea nyuma, Org hutumia = au ~. Mwandishi asipotumia kinga hiyo, lawama ni yake.

Msomaji asiyegusa dirisha jeusi maishani mwake asidhani hadithi hii haimhusu. Sote tunaandika amri kila siku katika simu. Ukipiga *334# kufungua huduma ya M-Pesa, au *#06# kuona namba ya utambulisho wa simu yako, umeandika amri ambayo kila alama yake ina uzito. Sasa tazama matangazo yetu: "Piga *334#." Ile nukta ya mwisho ni ya sentensi au ya amri? Wewe unajua. Je, nyanya yako anajua? Na tuseme kuna huduma ya kubuni yenye msimbo *123*4#. Uandike katika Markdown bila kinga, ukurasa utaonyesha 1234#, tarakimu tatu za mwanzo zikiwa zimelala na vinyota vikiwa vimeyeyuka. Mkulima wa Isinya anayepiga msimbo huo hatapata huduma, na hatajua kwa nini.

Zipo kasoro zinazogharimu zaidi ya muda. Amri ya rm hufuta faili, na haina pipa la taka la kuokotea ulichokitupa. Tuseme mwongozo unaagiza kufutwa kwa folda ya kumbukumbu za zamani:

rm -r /home/mifugo/zamani

Sasa tuseme safu ya ukurasa uliochapishwa ni nyembamba kama ya gazeti hili, na mstari umekatika baada ya mkwaju wa mwisho. Mwanafunzi anaona mistari miwili. Anaandika wa kwanza, anabonyeza kitufe. Hajafuta kumbukumbu za zamani pekee. Amefuta folda nzima ya mifugo. Mstari uliovunjwa vibaya haukuwa amri yenye kosa, ulikuwa amri sahihi yenye maana nyingine, na ganda likaitii.

Hilo halihitaji mawazo ya kubuni. Mwaka 2011, mradi wa Bumblebee, programu huria ya kuendesha kadi za michoro katika kompyuta za Linux, ulitoa faili ya usakinishaji iliyokuwa na nafasi moja isiyotakiwa ndani ya njia ya folda. Nafasi hiyo ilikata njia moja ikawa mbili, na ya kwanza ikawa /usr, folda inayobeba programu nyingi za mfumo wenyewe. Watu waliosakinisha kwa nia njema wakafutiwa mifumo yao. Nafasi moja tupu ilitosha kufanya hivyo. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende.

Najua wapo watakaonijibu kwamba haya ni mambo ya mafundi, profesa wa lugha ametoka wapi? Nawajibu kwamba swali la nani anasema nini ndani ya matini ni swali letu la kale kabisa. Tunapofundisha usemi halisi na usemi wa taarifa, tunafundisha kutenganisha sauti ya msimulizi na sauti ya mhusika. Mwongozo wa amri una sauti tatu: ya mwandishi anayeeleza, ya msomaji atakayeandika, na ya mashine itakayojibu. Zikichanganywa, msomaji hajui zamu ni ya nani. Fundi anaweza kurekebisha programu, lakini kuzipanga sauti ni kazi ya mwandishi na mhariri.

Wengine watasema mwanafunzi asinakili bila kuelewa. Kweli kabisa, hata mimi simpendi mwanafunzi wa kunakili. Lakini kuelewa hujengwa juu ya mfano uliofaulu. Huwezi kumfunza mtoto kusoma kwa kitabu chenye herufi zilizobadilishwa, halafu umlaumu kwa kutofikiri.

Lugha ya kurasa za tovuti ilishatuandalia vyombo. HTML 2.0, iliyochapishwa mwaka 1995, ina alama nne zinazofaa kabisa: code kwa maandishi ya programu, kbd kwa anachoandika mtumiaji, samp kwa jibu la mashine, na var kwa nafasi ya kujazwa. Ina pia pre, inayokiambia kivinjari kisiguse nafasi wala mikato ya mistari. Mgawanyo wa sauti ninaoutetea umekuwa hapo zaidi ya miaka 25, bure. Miongozo yetu huupuuza na kutia kila kitu herufi nzito, kana kwamba unene ndio maana.

Ushauri wangu kwa waandishi na wahariri ni huu. Weka kila amri katika mstari wake, si ndani ya sentensi, ili nukta ya sentensi isiiguse. Tumia mwandiko wa upana sawa, ambao kila herufi inachukua nafasi ileile, ili nafasi tupu ionekane. Zima upindaji wa alama katika programu yako kabla ya kuanza kuandika. Alama ya $ iondoe, au uieleze mara moja mwanzoni. Jibu la mashine liwe mbali na amri, likitanguliwa na maneno kama "Utaona." Nafasi za kujazwa ziandike kwa Kiswahili cha kueleweka, JINA-LA-FAILI kwa mfano, na useme wazi kwamba zinabadilishwa. Amri ndefu ivunje wewe mwenyewe, kwa mkwaju unaoegemea nyuma mwishoni mwa mstari, pasiwe na nafasi yoyote baada yake. Na amri ya kufuta itanguliwe na onyo.

Kisha fanya jaribio ambalo wengi hawalifanyi. Ukurasa ukishawekwa kwenye tovuti, ufungue kama msomaji, unakili kila amri kutoka hapo, uijaribu katika kompyuta isiyo na kitu cha thamani. Usijaribu kutoka kwenye rasimu yako, kwa kuwa rasimu ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Kosa huzaliwa njiani.

Kwa vyama vya lugha kama CHAKITA, na kwa walimu wetu, ombi langu ni kwamba mada ya uakifishaji isiishie kwenye insha. Tumeshamfundisha mwanafunzi kwamba ritifaa ndiyo inayotenganisha ng na ng'. Tumwonyeshe sasa kwamba kanuni hiyo hiyo, ya alama ndogo inayobeba maana, ndiyo atakayoikuta katika dirisha la amri, na kwamba Kiswahili kimemtayarisha vizuri. Wahariri wa ukurasa huu nao nawaomba kitu kimoja: mistari minne ya amri iliyo katika makala haya iachwe jinsi ilivyo.